Golden retriever katika joto la Dar: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zimemzungumzia sana mbwa mmoja: golden retriever, yule wa manyoya marefu ya dhahabu anayeonekana kwenye video za simu akibebeshwa kikapu cha mayai. Wapo wanaotaka kumnunua, wapo waliokwisha kumnunua wakaanza kukuna vichwa, na yupo mzee mmoja aliyeletewa na mwanawe bila kuulizwa. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Habari za kazi, wahariri. Mke wangu na watoto wanataka golden. Mimi nasita, nasikia ni mbwa wa nchi za baridi. Uwanja tunao, lakini mti ni mmoja tu. Nikimleta si nitamtesa?
*Baba wa watoto watatu, Tegeta*

Kaka, wasiwasi wako una msingi. Aina hii ilianzia Uskoti, kwenye shamba la Guisachan la Lord Tweedmouth, ambako watoto wa kwanza walizaliwa mwaka 1868. Kazi yao ilikuwa kuogelea kwenye maji baridi na kurudi na ndege aliyepigwa risasi. Ndiyo maana manyoya yana matabaka mawili: ya juu marefu yanayotiririsha maji, na ya chini mafupi, laini na mazito.

Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na kuhema kunasaidia pale tu mate yanapokauka mdomoni na kwenye ulimi. Hewa ya Dar imejaa unyevu, mate hayakauki upesi, kwa hiyo anahema sana na kupoa kidogo. Nyuzi 32 za hapa zinamchosha kuliko nyuzi 32 za Dodoma.

Anaweza kuishi Dar vizuri, ila ratiba ya nyumba itabadilika. Matembezi ni kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, kisha tena jua likishazama. Kabla ya kutoka jioni weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi. Mchana awe ndani, kwenye sakafu ya vigae au saruji, mlango na dirisha vinavyotazamana viwe wazi na feni ipulize chini usawa wake. Feni ya darini inayopulizia kabati haimsaidii. Umeme ukikatika, mloweshe tumbo, mapaja ya ndani na nyayo kwa maji ya bomba, mwache alale kwenye vigae vyenye unyevu.

Kuhusu mti wako mmoja: nenda uwanjani saa 8 mchana uangalie kivuli kimefika wapi. Mara nyingi kimehamia kwa jirani. Banda la bati lisilo na dari lisahau kabisa. Maji yawe sehemu mbili, maana bakuli moja hupinduliwa, na golden hupenda kutumbukiza miguu ndani yake. Miezi migumu ni Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Kusi ikianza kuvuma utamwona anachangamka mwenyewe.

Sasa jambo la kukariri wewe na kila anayebaki nyumbani. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Ukiona anahema kwa kelele, ute mzito unamning'inia mdomoni, fizi zimekuwa nyekundu sana, anayumba au anatapika, usisubiri kupima. Mpeleke kivulini, mwagie maji ya kawaida mwili mzima mfululizo huku mkimpepea. Usimfunike taulo iliyolowa ukaiacha juu yake, kwa sababu inashika joto. Mpoze kwanza, ndipo umpakie kwenye gari au bajaji kwenda kwa daktari, tena madirisha yakiwa wazi na maji yakiendelea. Kama una kipimajoto cha njia ya haja kubwa, acha kumwagia akifika nyuzi 39.5, asije akapoa kupita kiasi. Hata akisimama na kutikisa mkia, apelekwe tu. Figo na ini huonyesha madhara siku ya pili au ya tatu.

Nataka mbwa mkubwa wa kulinda nyumba. Golden anafaa?
*Msomaji, Goba*

Hafai. Atabweka mgeni akifika, kisha atamletea kiatu. Mwizi mwenye kipande cha nyama ataingia naye hadi sebuleni, na nyama hiyo ikiwa na sumu utapoteza mbwa na televisheni usiku mmoja. Ukitaka ulinzi, imarisha taa na geti, au tafuta mbwa wa aina nyingine na mtu wa kumfundisha. Tunasema hivi mapema kwa sababu golden anayefungwa kamba nyuma ya nyumba mchana kutwa ili "awe mkali" hawi mkali. Anakuwa mpweke, anachimba mashimo, anajilamba miguu mpaka inatoka vidonda.

Nimeona tangazo la watoto wa golden mtandaoni. Muuzaji anasema wana wiki tano na wamemaliza chanjo zote. Nitajuaje kama ni golden kweli na si mchanganyiko?
*Dada wa Sinza*

Dada, achana na huyo muuzaji. Hakuna mtoto wa mbwa wa wiki tano aliyemaliza chanjo. Dozi ya kwanza huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki ya 16, na chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na wiki 12. Baada ya hapo kuna marudio ya mwaka. Sababu ya kurudia ni kinga aliyopewa na maziwa ya mama: ikiwa bado ipo mwilini inaizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa macho imeisha lini.

Wiki tano pia ni mapema kumtenga na mama. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndipo anapojifunza kwa ndugu zake kwamba aking'ata kwa nguvu mchezo unakufa. Ukimchukua kabla, somo hilo utafundishwa wewe kwa vidole vyako. Wiki nane ndiyo kiwango.

Kadi ya chanjo iwe na kibandiko kilichobanduliwa kwenye kichupa, tarehe, na saini na muhuri wa daktari wa mifugo. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyozunguka mjini kwenye mfuko wa suruali ni maji tu.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kama nyumba yako iliwahi kupoteza mbwa kwa parvo, usilete mtoto ambaye hajakamilisha chanjo. Sakafu safisha kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iache dakika kumi ndipo usuuze. Udongo wa uwanjani hautasafishika hivyo.

Kuhusu uhalisi, mtoto mdogo hudanganya macho. Golden wa wiki nane ana manyoya mafupi ya kufura, si marefu, na rangi yake inaweza kuwa ya maziwa hadi dhahabu iliyokolea. Mara nyingi rangi ya masikio yake ndiyo atakayokuwa nayo mwilini akikua. Mabaka meusi au meupe makubwa yanaashiria mchanganyiko. Lakini kipimo cha kweli ni mama: nenda umwone akiwa na watoto, pale wanapoishi. Awe na manyoya ya mashada nyuma ya miguu, tumboni na mkiani, na awe anakukaribia bila woga. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha mafuta hana mama wa kukuonyesha.

Swali moja zaidi la kumuuliza: wazazi wamepigwa picha ya eksirei ya nyonga? Golden hurithi ubovu wa kiungo cha nyonga na cha kiwiko, na mzazi anaweza kutembea sawasawa huku ana kasoro. Hapa mjini wengi watakuambia hapana. Si lazima uondoke, ila bei ipungue, na wewe ujue kwamba uzito wa mbwa wako utakuwa na maana kubwa zaidi.

Tuko ghorofa ya tatu Upanga, hakuna lifti. Inawezekana?
*Mke na mume, Upanga*

Inawezekana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu golden anahitaji watu kuliko uwanja. Mbwa aliyekomaa ashushwe mara nne kwa siku, mbili kati ya hizo ziwe matembezi ya dakika 30 hadi 45. Ngazi ndiyo tatizo. Mbebeni mpaka afikishe miezi mitatu au minne, halafu apande na kushuka polepole akiwa kwenye kamba, kamwe asikimbie, mpaka mifupa ikomae akiwa na mwaka mmoja na kitu. Akiwa mdogo hawezi kuzuia mkojo usiku kucha, hivyo mmoja wenu ataamka saa 8 usiku kwa wiki kadhaa. Kubalianeni ni nani kabla hajafika. Someni pia mkataba wa pango. Na kama nyote mnatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 2 usiku kwa sababu ya foleni, basi msimchukue, hata mkiwa na jumba lenye bustani.

Manyoya kila mahali! Kwenye kochi, kwenye wali, kwenye sare za shule. Kinyozi wa jirani ameniambia nimnyoe upara apate hewa. Pia ana kidonda chekundu shavuni kilichotokea usiku mmoja tu.
*Mama wa Mbezi Beach*

Mama, usimnyoe upara. Tabaka la juu linamkinga na jua na mbu, na likinyolewa hadi ngozi mara nyingi la chini huota haraka kuliko la juu, ukabaki na manyoya ya pamba yanayoshika takataka na maji. Unachoweza kukata ni manyoya kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, na ya tumboni kidogo ili alale na ngozi ikigusa sakafu.

Dawa ya manyoya kwenye wali ni kuchana, na kuchana kuna namna yake. Nunua vitu viwili: chanuo la chuma lenye meno marefu, na brashi ya kuondoa manyoya ya chini. Brashi ya nywele za watu hupita juu tu. Mlaze ubavu. Anzia mguu wa nyuma chini, shika manyoya kwa mkono wa kushoto uyainue juu mpaka uone mstari wa ngozi, kisha vuta chini kifungu chembamba kwa mkono wa kulia. Sogeza mstari juu kidogo, rudia. Sehemu nne ndizo hufunga vinundu: nyuma ya masikio, kwapani, mapajani nyuma, na chini ya mkanda wa shingoni. Kinundu usikivute wala usikiloweshe, kifungue kwa vidole na chembe ya mafuta ya nazi. Dakika 15 mara tatu kwa wiki zinatosha, na kila siku anapopukutika sana. Fanyia nje, upande ambao upepo hauendi kwa jirani.

Kidonda cha usiku mmoja tunakijua: chekundu, kinatoka majimaji, manyoya yamegandana juu yake, na kinauma. Husababishwa na ngozi iliyobaki na unyevu chini ya manyoya, au kupe au kiroboto aliyemfanya ajikune, na masikio yenye fangasi yakimwasha huanzia shavuni kama huyu wako. Bakteria hufanya yaliyobaki. Kata manyoya yote yanayokizunguka kwa mkasi usio na ncha kali mpaka uone ngozi nzima pande zote. Ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Safisha kwa dawa ya klorheksidini iliyozimuliwa mara mbili kwa siku, kausha kwa kitambaa safi, mvishe kola ya plastiki asijikune. Usipake mafuta mazito wala kuweka bandeji, kwa sababu kidonda hiki kinahitaji hewa. Kisipokauka kwa siku mbili, au kikitanuka, mwone daktari, na umwambie aangalie masikio.

Kumwogesha ni kila wiki tatu au nne, kwa sabuni ya mbwa. Kosa la wengi si kuogesha, ni kumwacha akauke mwenyewe. Wakati wa masika tabaka la chini linaweza kubaki na unyevu siku nzima. Taulo mbili, halafu feni ya mezani kwa saa moja huku ukimchana kinyume cha manyoya. Weka kidole hadi kwenye ngozi ya shingoni na kiunoni: kukiwa na ubaridi, bado hajakauka.

Anakula ugali na dagaa kama mbwa wetu wa zamani. Fundi wa mifugo anasema nimwongezee kalsiamu. Ana miezi mitano, miguu ya mbele inaonekana kupinda.
*Msomaji wa Kimara*

Mpeleke kwa daktari wiki hii, apigwe eksirei. Mifupa ya golden hukua haraka sana mwaka wa kwanza, na miguu inayopinda akiwa na miezi mitano haingojewi. Kalsiamu ya kukisia ina hatari pande zote mbili: ikipungua mifupa inalegea, ikizidi viungo vinakua vibaya. Kwa hiyo mpaka afikishe mwaka mmoja hivi apewe chakula cha punje kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, na usikiongezee kalsiamu wala maziwa ya unga. Milo minne kwa siku mpaka miezi minne, mitatu mpaka miezi sita, halafu miwili maisha yake yote.

Mkubwa wa kilo 28 hadi 30 anatosheka na gramu 340 hadi 400 za punje kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Hesabu hiyo ni karibu kilo 10 hadi 12 kwa mwezi. Zidisha na bei ya dukani kwako kabla hujanunua mbwa, usifanye baada. Pima kwa mizani ya jikoni walau wiki ya kwanza. "Kopo moja" la dada na "kopo moja" la baba havilingani, na golden hatamwambia mtu kwamba ameshakula.

Ukitaka kumpikia aliyekwisha kukomaa, kipimo cha siku kwa kilo 28 ni takriban hiki: nyama isiyo na mafuta mengi au kuku asiye na ngozi gramu 400 kabla ya kupikwa, maini gramu 50, wali uliokwisha kupikwa gramu 400, boga au karoti gramu 100, mafuta ya alizeti kijiko kikubwa kimoja, na maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa kuwa unga kabisa, kijiko cha chai kisichojaa. Bila hayo maganda, nyama na wali vinamwibia mifupa yake. Hata hivyo bado yatapungua madini ya zinki, iodini na vitamini E, kwa hiyo mwombe daktari virutubisho vya mbwa. Dagaa ni wazuri, walowekwe kwanza kuondoa mchanga na chumvi. Unga wa mahindi wenye ukungu au harufu ya uvundo usimpe kwa kuwa "ni wa mbwa". Sumukuvu inaua ini la mbwa upesi. Marufuku kabisa: mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu vya aina zote, zabibu, chokoleti, na bazoka yenye sukari mbadala ya zailitoli.

Dume liwe kilo 29 hadi 34, jike 25 hadi 29. Mizani ikikosekana, pitisha vidole ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Golden wengi tunaowaona mjini wamenenepa, na wenye nao wanaita afya.

Amekosa hamu ya kula siku mbili, amelala tu. Leo ametoka damu puani. Kupe tumemtoa wengi mwezi uliopita, tukampaka mafuta ya taa.
*Kijana wa Tabata*

Usisome hadi mwisho, mpeleke kwanza. Fizi zilizopauka, damu puani, vidoti vyekundu tumboni, homa na uchovu wiki moja hadi tatu baada ya kupe, hiyo inaelekea kuwa homa ya kupe. Daktari atachukua damu aiangalie kwenye hadubini na kuhesabu chembe za kugandisha damu. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa umwambie, maana kuna vimelea vingine vya kupe vinavyopasua chembe nyekundu na dawa yake ni tofauti. Usimpe diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya watu. Damu tayari haigandi vizuri.

Akipewa doksisaiklini, antibiotiki ya homa hii, kwa kawaida ni wiki nne. Siku ya tatu atasimama na kula, na hapo ndipo watu huacha dawa. Baada ya miezi kadhaa ugonjwa hurudi ukiwa umekaa kwenye uboho wa mifupa, na kumtibu tena ni kazi kubwa.

Mafuta ya taa yanachoma ngozi, na kupe anayebanwa au kuchomwa hutapika ndani ya jeraha. Tumia kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha. Kinga iliyo bora kwa mbwa mwenye manyoya mengi ni kidonge cha kutafuna kinachofanya kazi mwezi mmoja au mitatu, kwa uzito wake. Ukiogesha kwa amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5, kipimo ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, usisuuze, mkaushe nje, na usiitumie kwa mbwa mdogo wa chini ya miezi minne wala kwa mgonjwa kama wako sasa. "Nimeongeza kidogo ili iwe kali" ndiyo sentensi inayopeleka mbwa wengi kwa daktari wakiwa wamelegea. Na kama mna paka, dawa ya mbwa yenye permethrini isimguse.

Kumbuka nyumba. Kupe huyu wa kahawia hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya fremu za milango na chini ya zulia. Ukitibu mbwa pekee, wiki mbili baadaye utakuta wapya masikioni.

Jirani zetu ni Waislamu na dada wa kazi pia. Hatutaki kuleta kero. Tufanyeje?
*Familia ya Ilala*

Mmeuliza kabla, na hilo wengi hawalifanyi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Golden ni mbwa wa kulamba na kubeba vitu mdomoni, kwa hiyo kandambili za mlangoni kwa jirani zitamvutia. Geti lifungike lenyewe. Mtaani awe kwenye kamba fupi, apitishwe upande wa pili mtu akienda msikitini. Mgeni akigonga, mbwa afungiwe chumbani kwanza, mlango ufunguliwe baadaye.

Dada wa kazi asipewe kazi ya mbwa kama hataki, wala msimbembeleze kwa nyongeza ya mshahara. Bakuli, sufuria, sponji na ndoo za mbwa ziwe za rangi yake na zisafishwe kwenye bomba la nje. Kanga na mkeka wake wa kuswalia vikae chumba ambacho mbwa haingii kamwe. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo. Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe tayari kuonyeshwa kwa mjumbe au jirani. Ikitokea amemparura au kumng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu huyo aende hospitali hata kama mbwa amechanjwa.

Mwanangu kaniletea golden wa miezi tisa. Ananivuta barabarani nusura nianguke, na kila anayeingia anamrukia. Nina miaka 68.
*Mstaafu, Kigamboni*

Shikamoo mzee wetu. Miezi tisa ni umri wa utundu, na golden hatulii mpaka afikishe miaka miwili au mitatu. Mkanda wa shingoni uachwe kwa ajili ya kibati cha jina. Mnunulie mkanda wa kifuani wenye pete mbele, kifuani kwake. Akivuta, mwili unageukia kwako na nguvu inapotea. Kamba ikikaza, simama kimya. Ikilegea, endelea. Wiki ya kwanza mtafika nyumba ya tatu tu, na inatosha. Kamba usiizungushe mkononi, ishike tu, ili ikibidi uiachie.

Kuruka hukoma pale ambapo hakulipi. Mkimsukuma na kumfokea, kwake ni mchezo. Kila anayeingia ageuke, afumbate mikono, asimtazame mpaka miguu minne iko chini, ndipo amsalimie kwa sauti ya chini na punje moja ya chakula. Wajukuu wakimruhusu Jumapili, kazi ya wiki nzima imeharibika. Akichukua kiatu, usimkimbize. Mwonyeshe kitu bora zaidi, sema "toa", mbadilishane. Na mwanao aje kumtembeza jioni, maana mbwa huyu anahitaji zaidi ya saa moja kwa siku na mzigo huo si wako peke yako.

Naweza kumpeleka baharini?
*Msomaji wa Kunduchi*

Mpeleke asubuhi, kwa kamba ndefu, maji yakiwa yanajaa ili asikanyage mawe yenye ncha na urchini, wale viumbe wa bahari wenye miiba. Beba lita mbili za maji matamu na umnyweshe kila baada ya dakika kumi, kwa sababu akinywa ya bahari ataharisha, na akinywa mengi chumvi inamdhuru ubongo. Mpira ukijaa mchanga, mbwa humeza mchanga huo, kwa hiyo tumia kitu cha kuelea cha mpira laini. Mkirudi suuza chumvi mpaka kwenye ngozi. Masikio yake yanayoning'inia hufunika unyevu, basi jaza dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kanda shina la sikio kwa sekunde 20, mwache atikise kichwa, kisha futa kwa pamba kwa kina cha kidole tu. Vijiti vya pamba viache. Uchafu wa kahawia wenye harufu ya chachu na kukuna kichwa ni fangasi tayari.

Nimhasi lini?
*Msomaji wa Mbagala*

Kwa golden, usiwahi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu golden hasa, ulikuta waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo zaidi. Kwa dume subiri apite miezi 12. Kwa jike ongea na daktari, kwa sababu matokeo ya saratani kwa majike yalikuwa na utata, na pia una kazi ya kumlinda na madume ya mtaa kila anapokuwa kwenye joto la kutaka dume, takriban wiki tatu, mara mbili kwa mwaka. Ukuta mfupi hautoshi.